Ikulu ya Nyasi: Kusoma Umbo la Nyumba ya Mwami

Nyumba kubwa ya nyasi iliyopo Rukari, mjini Nyanza, kusini mwa Rwanda, ni nakala ya makao ya Mwami, yaani mfalme wa Rwanda, yalivyokuwa katika karne ya 19. Wengi huipiga picha na kupita. Inastahili kusomwa kwa utulivu, kwa kuulizia sababu ya kila sehemu kuwa pale ilipo, maana umbo lake linaeleza aina ya utawala ulioishi ndani yake.

Tuanze na umbile. Ni msonge mpana usio na kona, na huwezi kuonyesha kwa kidole mahali ukuta unapokoma na paa linapoanza. Fito zimepindwa na kufumwa pamoja, zikafungwa kwa kamba, kisha zikaezekwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Mwanga hupitia mlangoni tu. Anayetoka juani hulazimika kusimama kidogo mpaka macho yazoee giza, na katika muda huo aliye ndani ameshamwona vizuri. Katikati pana mahali pa moto, na viambaza vya kusukwa, vyenye mapambo ya pembepembe, vinatenga malazi na sehemu ya kupokelea watu. Nyumba haina tundu hata moja la kurushia mshale.

Nyuma yake kuna misonge miwili midogo, mmoja wa maziwa na mwingine wa pombe. Wa maziwa ulitunzwa na msichana ambaye hajaolewa. Hapa ndipo mhakiki anapaswa kukaa zaidi. Mahali ambapo mtawala mwingine angeweka ghala la silaha, Mwami aliweka vibuyu na vyansi, yaani vyombo vya maziwa. Utawala wake ulisimama juu ya ng'ombe: aliyempokea ng'ombe kutoka kwa mkubwa alifungwa naye kwa utumishi na utii, utaratibu ulioitwa ubuhake. Jeshi lilikuwepo, tena kali, lakini ramani ya makao imejengwa kuzunguka kile kinachogawiwa.

Linganisha na Fougères, ngome ya zama za kati huko Bretagne, Ufaransa. Ngome ya kwanza ya hapo ilikuwa ya mbao, na mwaka 1166 Mfalme Henry II wa Uingereza aliibomoa. Wenyeji wakajenga upya kwa mawe, na vizazi vilivyofuata vikaongeza kuta hadi ikafikia minara 13. Jibu lao kwa hatari lilikuwa kubaki pale pale na kuongeza unene wa ukuta. Jibu la Rwanda lilikuwa kuhama. Mwami alikuwa na makao kadhaa kwa wakati mmoja, mengine yakisimamiwa na wake zake, naye akizunguka kutoka mlima hadi mlima. Makao ya nyasi yangeweza kuachwa leo na mengine kusimamishwa kwingine, kwa sababu ujuzi wa kuyajenga ulikuwa mikononi mwa watu.

Basi kumbukumbu ilihifadhiwa wapi, ikiwa nyumba ilioza? Katika uzio. Miongoni mwa nguzo za ua wa kifalme ilikuwepo miti ya imivumu, jamii ya mkuyu, ambayo tawi lake likichomekwa ardhini huota mizizi. Nyumba ilipoanguka, ua uliendelea kukua. Miti hiyo mikubwa inayoashiria makao ya kale ya wafalme huitwa ibigabiro (umoja: ikigabiro). Kwangu mimi, hiki ndicho kipaji kikubwa cha usanifu huu: sehemu iliyoonekana nyepesi ndiyo iliyoachiwa kazi ya kudumu.

Mwaka 1899, Mwami Yuhi V Musinga aliweka makao yake Nyanza, na tangu hapo mwendo ule wa kuhama ukapungua. Novemba 1931 Wabelgiji, watawala wa kikoloni, walimwondoa madarakani, wakampeleka uhamishoni Kamembe, huku kwetu wilayani Rusizi, na mwaka 1940 wakampeleka Moba, Kongo, alikofia mwaka 1944. Mwanawe, Mutara III Rudahigwa, alijengewa Rukari nyumba ya kisasa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Isome nayo: kuta zilizonyooka, madirisha, vyumba vya pembe nne, kila shughuli na chumba chake. Ni nyumba ya mtawala anayepokea maofisa. Makao mengi yamekuwa paa moja, na Mwami aliyezoea kuzunguka nchi sasa ana anwani. Kwa serikali ya kikoloni, mfalme mwenye anwani ni rahisi kusimamiwa, na hata kuondolewa.

Makumbusho ya Rukari yamefanya vizuri kuziweka nyumba hizi mbili jirani, maana kila moja inaifafanua nyingine. Kasoro ya nakala yoyote ya msonge ni kwamba inafanya kitu cha kuhamahama kionekane cha kudumu. Nyasi huchakaa, fito huoza, na kinachoweza kubaki ni mikono inayojua kufuma.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji wa Gikundamvura, Bugarama na Kamembe: mkivuka msitu wa Nyungwe kwenda Nyanza, msiishie kuitazama nyumba. Waulizeni wanaoiezeka namna wanavyofunga fito, na wapelekeni vijana wakajifunze. Mkikutana na ikigabiro popote nchini, mzuieni mwenye shoka. Kuukata mti huo ni kubomoa ikulu.