Umezima Arifa, Bosi Bado Anabisha

Slack ina adabu zake, wacha niseme ukweli. Tangu 2015 ina hali ya Usisumbue, na isipobadilishwa inanyamaza kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi. Chaneli yenye kelele unaizima peke yake. Hapa Kosele, ninakofanyia kazi ya ofisi iliyo Nairobi, saa nne watu wengi wamelala. Ingetosha kabisa.

Shida iko upande wa anayetuma. Bosi akiniandikia inboksi usiku, Slack inamwambia nimezima arifa, halafu inampa njia ya kuniamsha hata hivyo. Mara moja kwa siku, eti. Hapo ndipo programu inaonyesha iko upande wa nani: kunyamazisha ni kazi yangu, kubisha ni haki yake.

Na simu yenyewe sizimi. Ndiyo hiyohiyo ya M-Pesa, ya kundi la WhatsApp la matanga, na dani akizidiwa usiku ndiyo itapigwa.

Mswada wa Seneta Samson Cherargei wa 2022 uliliona hili vizuri zaidi: ulimtaka mwajiri ndiye akubaliane na wafanyakazi kuhusu kutafutana baada ya kazi. Ufaransa walianza na sheria ya aina hiyo Januari 2017. Slack nayo ina njia ya kupanga ujumbe utumwe asubuhi. Si ingekuwa hiyo ndiyo inampokea bosi saa tano usiku, badala ya ile ya kuniamsha?