Fundi Anayehesabu Kwanza

Laptopu ikiwashwa hujikagua yenyewe kabla kioo hakijaonyesha chochote: prosesa, RAM, kadi ya picha, kibodi. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitoa mlio mmoja mfupi kuarifu kuwa ukaguzi umekwenda salama. Hitilafu ikitokea mapema, kioo kingali cheusi, mashine hulia mfululizo wa milio. Anayeijua kazi yake hutanguliza sikio, bisibisi hungoja.

Bujora ni mahali panapofaa kuusifu ustadi huu. Kwenye kilima hiki cha Kisesa, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianzisha makumbusho ya Wasukuma. Ngoma za watemi zimehifadhiwa humo katika jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Kama msikilizaji wa ngoma, fundi hausikii mlio mmoja mmoja. Anausikia mpangilio: mirefu mingapi, mifupi mingapi, na kituo kiko wapi.

Basi anaizima laptopu, anaiwasha tena, anahesabu. Halafu anaangalia aina ya mashine, maana kila kampuni ina hesabu yake. Kwenye Dell Latitude nyingi, milio 2 inayojirudia ni RAM isiyoonekana kabisa. 4, RAM ipo lakini ina kasoro. 5, betri ndogo ya saa, ile ya volti 3, imekwisha. 8, tatizo la kioo. Mlio usiokatika huweza kuwa kitufe cha kibodi kilichonasa.

Tuseme ni 2. Anachomoa chaja na betri, anakibana kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Anafungua kifuniko, anaigusa sehemu ya chuma kuondoa umeme tuli mwilini, kisha anachomoa RAM. Meno yake ya rangi ya dhahabu huweza kufifia kwa vumbi na unyevu, kwa hiyo anayasugua polepole kwa raba laini na kuyapangusa kwa spiriti. Anairudisha ikiwa imeinama kidogo, kisha anaibonyeza chini mpaka vibanio vilie. Bado inalia? Anaijaribu kwenye nafasi ya pili, kisha anaweka RAM nyingine anayojua ni nzima. Habadilishi vitu viwili kwa wakati mmoja, kwa sababu hapo hatajua kipi kilichoponya.

Huo ndio uungwana wa kazi hii. Aliyekosa subira huagiza mazabodi mpya, na mteja hulipia kifaa ambacho hakikuharibika. Aliyehesabu huweza kumwambia mteja, "Mwalimu, ilikuwa RAM tu, nimeisafisha," naye mwalimu akaondoka na laptopu na sehemu kubwa ya fedha yake. Nawe laptopu yako ikianza kulia, irekodi kwa simu kabla ya kuipeleka. Rekodi hiyo ndiyo fundi atakayoanza nayo.