Sindano moja ya Mwanza

Mtafiti wa afya ya jamii hapigwi picha akiwa ameshika mkasi wa upasuaji. Kazi yake ni daftari, simu na subira. Na katika chanjo ya wasichana, subira ndiyo kazi yenyewe.

Wanasayansi walioendesha utafiti wa DoRIS jijini Mwanza, ulioanza 2017, waliwaandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Swali lao lilikuwa jepesi kulitamka: je, dozi moja ya chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, inatosha badala ya mbili au tatu? Kulijibu ni kazi ya miaka. Binti anamaliza darasa la saba, familia inahama, namba ya simu inabadilika, nawe unatakiwa umpate tena umpime damu. Kisha kuna ule uvumi kwamba chanjo inaua uzazi. Haumalizwi na kipaza sauti, bali na mtu aliye tayari kuketi na mama mwenye wasiwasi na kujibu swali lilelile mara ya tano bila kukunja uso. (Mimi ningekunja.)

Matokeo ya Mwanza, pamoja na ya utafiti wa KEN SHE kule Kenya, yalisaidia Shirika la Afya Duniani kukubali mwaka 2022 kwamba dozi moja yaweza kutumika. Tanzania nayo ikahamia kwenye dozi moja mwaka 2024.

Hongereni, ninyi wa madaftari.