Telegraph: karatasi nzuri, sanduku baya

Wandugu wa chama, wengi wenu mumeniuliza ile karatasi nyeupe ya intaneti inayoitwa Telegraph ni kitu gani, na kama inafaa kuandikia TFC. Nimeitumia, basi nasema nilichokiona.

Watu wa Telegram waliitoa mwezi wa 11, 2016. Ukifungua telegra.ph unakuta nafasi 3 tu: kichwa, jina na habari. Haikuombi kujiandikisha wala namba ya simu. Ukichagua maneno, vinatokea vitufe vichache vya kukoleza, kulaza, kuweka kiungo, kichwa kidogo au nukuu. Ni hayo tu. Kwa sisi wa Lubarika, tunaoandika na simu huku tukihesabu mega, urahisi huo si kitu kidogo.

Lakini wanaoisifu kwamba inaondoa usumbufu wamesema nusu. Usumbufu wetu hautoki kwenye ukurasa. Unatoka chini, kwenye klavye. Simu zetu nyingi zimewekwa Kifaransa: unaandika "sana", yenyewe inataka "sans", unaandika "bila", inakuletea "bilan". Na unatoka juu, kwenye ujumbe wa WhatsApp unaoshuka kila dakika. Ukurasa mweupe hauwezi kuzuia hata kimoja. Dawa iko mikononi mwetu: ingia katika mipangilio ya klavye, zima usahihishaji, halafu funga mtandao mpaka umalize aya zako. Ukifanya hivyo, hata programu ya kawaida ya noti inakuwa kimya sawasawa.

Shida kubwa ni utunzaji. Kwa sababu hakuna akaunti, kinachokutambua kuwa mwenye andiko ni alama ndogo iliyohifadhiwa ndani ya simu ileile. Simu ikiibwa, ikiharibika, au ukisafisha kumbukumbu ya kivinjari, andiko linabaki huko kila mwenye kiungo alisome, ila wewe huwezi tena kulirekebisha, labda kama ulikuwa umeliunganisha na Telegram yako. Na huku kwetu simu moja inapita kwa kaka, dada na binamu: mwenye kuishika anaweza kugeuza maneno yako.

Tena, ile nafasi ya jina inapokea jina lolote. Mtu anaweza kuandika tangazo na kuweka jina la profesa au la chefu, na ukurasa utaonekana safi vilevile. Katika eneo ambalo uvumi mmoja unaweza kuhamisha kijiji, hilo si jambo la kucheka. Usafi wa ukurasa si ushahidi. Uliza kwanza nani ametuma kiungo.

Kwa hiyo, TFC hapana: haina namba za kurasa, haina maelezo ya chini ya ukurasa, haikuhesabii maneno. Makala fupi, ripoti ya mkutano, barua ya wazi kwa wenzetu, ndiyo, tena inapendeza kusoma. Ila andika kwanza kwenye noti za simu au kwenye daftari, jitumie nakala, ndipo ubandike huko. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari, na maandishi yetu nayo ni mali.