Moto wa Ijumaa, Masisi

Kazi inaanza na ungo. Alhamisi usiku mama anamwaga maharagi humo, anayatandaza kwa kiganja, anaanza kuchagua: kijiwe, punje iliyotobolewa na mdudu, kipande cha ganda. Mkono unapita mara ya pili hata pale ambapo mimi naona pamekwisha safika. Kisha anayaosha na kuyaloweka kwenye sufuria ile ile atakayoipikia. Mama huyu ni Msabato, kama wengi katika milima hii ya Masisi, mashariki mwa Kongo, na jua likishazama Ijumaa hapiki, hafui wala hachoti maji mpaka lizame tena Jumamosi. Pumziko la siku nzima lazima litengenezwe mapema, kwa mikono.

Saa ya ukutani hana, wala haihitaji. Masisi iko karibu na ikweta, jua huzama mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima, na kati ya mwezi na mwezi tofauti ni ya dakika tu. Anaipanga Ijumaa yake kuanzia mwisho: kutoka machweo anarudi kwenye pasi, kutoka pasi anarudi kwenye sakafu, kutoka sakafu anarudi kwenye maharagi. Maharagi ndiyo yanayotangulia kwa sababu ya mlima. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 93 hivi badala ya 100, na punje ngumu inataka muda mrefu kuliko huko chini. Saa moja asubuhi mbabula, jiko la makala, imeshawaka.

Makala yake ni ya mkaratusi. Anayapanga makubwa chini, madogo juu, akiacha nafasi ya hewa katikati, na hapulizi ovyo. Sufuria ikichemka anaweka jani la mgomba, kisha mfuniko juu yake, mvuke usitoroke. Maji yakipungua anaongeza ya moto kutoka kwenye birika lililo pembeni. Ya baridi, anasema, yanaishtua punje. Chumvi inangoja. Anachota punje moja, anaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, anatazama ilivyopasuka. Bado. Atafanya hivyo mara nyingi kabla ya adhuhuri, na sikumwona hata mara moja akionyesha kuchoka kungoja.

Chumvi inaingia mwisho, pamoja na kitunguu kilichokaangwa kwa mawese. Mchikichi haukui katika baridi ya huku juu. Mawese yanapanda kutoka misitu ya Walikale ndani ya bidoni za njano, na barabara ikikatika bei inaruka. Januari 2025 waasi wa M23 waliuchukua mji wa Masisi, na Machi vita vikafika mpaka Walikale penyewe. Katika miezi kama hiyo mawese hupimwa kwa kijiko. Anayamimina taratibu, anageuza bidoni juu chini, anangoja tone la mwisho lidondoke.

Maharagi yakiwa yanamalizikia, sakafu inaanza. Watoto wameleta kinyesi kibichi cha ng'ombe kutoka malishoni. Anakichanganya na maji na majivu yaliyochekechwa, anakanda mpaka ujiuji utiririke mkononi bila kudondoka kwa mabonge. Anapiga magoti kwenye kona ya mbali kabisa na mlango. Kiganja kinakwenda kwa nusu duara, kutoka kulia kwenda kushoto, na kila nusu duara inafunika ukingo wa ile iliyotangulia. Anarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kizingitini, asikanyage alikopaka. Nilinyoosha shingo nione ndani.

"Baba, tulia pale kwanza, usinikanyagie."

Nikatulia. Harufu inaondoka na unyevu, na sakafu ikikauka haitoi vumbi hata ukiifagia. Ila inataka saa mbili tatu bila mguu wa mtu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini pasi inafuata: pasi inapigwa barazani. Nyumba inakauka, yeye ananyoosha nguo, hakuna saa iliyopotea.

Moto nao ni ule ule. Anaondoa sufuria, anachagua kwa koleo makala mekundu yasiyo na moshi, anayatia tumboni mwa pasi, anafunga kifuniko, anaipunga mara chache hewani ipate pumzi. Anaipitisha kwanza juu ya jani la mgomba: masizi yanabaki pale na uso wa chuma unateleza. Shati jeupe linaanzia kola, kutoka nchani kwenda katikati, ili mkunjo usisukumwe mbele ukaonekana. Kisha mabega, mikono, mgongo. Vitenge vinangoja mpaka pasi ipoe kidogo. Huku milimani pasi ni suala la heshima mbele ya kanisa. Huko chini Walikale, kwenye joto na unyevu, pasi ni afya vilevile: kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo iliyoanikwa mbichi, na buu lake huingia ngozini. Ndiyo maana wanaojua hupiga pasi mpaka nepi na chupi, na hawaruki mshono.

Saa kumi na moja masufuria mengine yanasuguliwa kwa majivu ya wiki iliyopita. Bidoni za maji zimepangwa ukutani, vifuniko vimekazwa. Viazi vimechemshwa na maganda yake. Anamwaga makala ya pasi tena mbabulani, anayafukia kwa majivu, anayashindilia kidogo kwa sehemu ya chini ya kikombe, na juu yake anarudisha maharagi. Moto uliofukiwa hivyo hauchemshi kitu, ila asubuhi chakula kitakuwa na uvuguvugu bila mtu kuwasha kiberiti. Ukishindilia sana unazimika. Ukiacha wazi unaisha usiku wa manane. Kipimo chake kiko kwenye kifundo cha mkono, na binti yake wa miaka kumi na kitu, aliyekuwa akimtazama kama mimi, bado hajakipata.

Binti ndiye aliyeiona sare ya shule, mfuko umechanika.

"Mama, na hii?"

Mama akatazama mlima ulioko magharibi, akatazama mfuko. Sindano ilikuwa na uzi tayari, na kazi yenyewe ingechukua dakika kumi. Lakini maji ya kuoga ya watoto wadogo yalikuwa hayajamiminwa.

"Utaivaa lini?"

"Jumatatu."

"Basi ni ya Jumapili."

Akachomeka sindano kwenye ukosi, akaitundika sare msumarini, akamwita mdogo wa mwisho aje aogeshwe.