Gauni la Mama wa Makamo

Ukipita Kariakoo utaona masanamu ya madukani yamevikwa magauni ya kupendeza, yote yakiwa na kiuno cha msichana wa miaka 20. Mama wa miaka 50, mwenye kipato chake na hamu ya kupendeza, huambiwa achukue namba kubwa zaidi. Lakini namba kubwa huongeza upana kila mahali, hata mabegani ambako yeye hakunenepa. Basi gauni humbana nyongani na kumpwaya mabegani. Na namba yenyewe haina mwenyewe: 14 ya Uingereza ni 10 ya Marekani.

Nilikaa miaka mingi na walimu wa kike chuoni, na kipimo changu ni kimoja: je, akinyoosha mkono kuandika juu ya ubao, gauni litapanda? Likipanda, darasa zima litatazama gauni wala si somo, naye ataishia kuandika nusu ya chini ya ubao.

Mitumba ina sifa yake, wala siinyimi: humo hupatikana pamba nzito na bitana iliyoshonwa kwa uangalifu. Ila ligeuze gauni nje-ndani kwanza, uone kama mishono ina akiba ya kitambaa. Fundi aweza kupunguza. Kuongeza pasipo akiba hawezi.

Na mafundi wetu nao nina neno nao. Wengi hupima kifua, kiuno na nyonga, wakasahau upana wa mgongo na unene wa mkono juu ya kiwiko. Mama na adai vipimo hivyo viandikwe daftarini kabla mkasi haujagusa kitenge chake.