Mama, Mtoto na Mjukuu

Februari, wakati vumbi la Moshi mjini linaingia hadi kabatini, watu wa tambarare wanahangaika na mashamba ya mahindi. Masika yako njiani, Machi hiyo, na trekta lazima lipite kabla ya mvua. Ukipanda mlimani, upande wa Kibosho, Marangu au Old Moshi, huoni haraka hiyo. Kihamba, yaani ile bustani ya migomba na kahawa inayoizunguka nyumba ya Mchagga, hakilimwi kwa trekta. Kazi kubwa ya kukiandaa kwa masika ni kupunguza, na kupunguza kuna mafundi wake.

Mgomba tunauita mti kwa mazoea tu. Lile tunaloliona kama shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Shina lenyewe ni tunguu lililojificha udongoni. Mgomba huzaa mkungu mmoja, basi, kazi yake imekwisha. Tunguu ndilo linaloendelea, likitoa machipukizi pande zote, na yote hula sahani moja. Yakiachwa, shina linakuwa kichaka chenye vivuli vingi na ndizi nyembamba zisizofaa hata mtori. Kwa hiyo kila shina hubakishiwa watatu: mama mwenye mkungu, mtoto aliyefika kiunoni au kifuani, na mjukuu anayechungulia. Bwana shamba atakufundisha kanuni hiyo kwa dakika moja, nawe utaitikia kwa kichwa ukidhani umeelewa.

Mimi nilidhani hivyo mpaka nilipoanza kumfuata mama mdogo wangu kihambani kwake. Kwanza hakati kitu. Anazunguka shina lote, panga likiwa limelala mkononi, akipapasa udongo kwa mguu. Anatafuta chipukizi lililotokea chini kabisa kwenye tunguu, maana lililotokea juujuu litaangushwa na upepo siku litakapobeba mkungu. Anatazama majani: chipukizi zuri huwa na majani membamba yaliyochongoka kama sime na kitako kipana. Lile lenye majani mapana mapema, ambalo mgeni angelisifia, ndilo dhaifu. Halijashikamana vizuri na mama yake. Hilo linaondoka kwanza.

Kisha anaangalia upande, na hapa ndipo namvulia kofia. Chipukizi la leo ndilo litakaloamua mgomba utasimama wapi miaka miwili ijayo, kwa kuwa kila kizazi husogea hatua moja kutoka kwa kilichotangulia. Ukichagua ovyo, shina moja litaufuata mfongo, ule mfereji wa maji, jingine litaingia kwenye kahawa, mawili yatagongana. Mama mdogo huyaelekeza yote upande mmoja, hivyo kihamba kizima kinatembea pamoja na nafasi kati ya mashina haiharibiki. Tena huchanganya umri: shina hili anaacha mtoto mkubwa, la jirani anaacha mdogo, ili mikungu isikomae mwezi mmoja halafu nyumba ikae na njaa mwezi unaofuata. Yote hayo anayapanga kichwani. Sijawahi kumwona akiandika.

Kukata kwenyewe ni kazi fupi. Chipukizi linafyekwa usawa wa udongo, kisha ncha ya mtaimbo inazungushwa katikati mpaka moyo uharibike, la sivyo litachipua tena. Mgomba uliokwisha kuvunwa unachanwa vipande: vingine ng'ombe anakula bandani, vingine vinatandazwa chini kutunza unyevu. Baadhi anavilaza kifudifudi karibu na shina, asubuhi anavigeuza na kuwaokota fukusi waliojificha chini yake, wadudu wale weusi ambao mabuu yao hutoboa tunguu. Ni mtego usiogharimu shilingi. Mbolea ya samadi anaimwaga kwa duara, mbali kidogo na shina, ambako mizizi inayokula imefika.

Kahawa hupogolewa siku hizohizo, baada ya mavuno, na miti ya kivuli kama mringaringa na mruka hupunguzwa matawi ili mwanga upenye katika miezi ya mawingu. Viazi vikuu vinavyopanda miti hiyo haviguswi. Mifongo inazibuliwa. Hizo zote ni kazi za kweli, ila moyo wangu uko kwenye migomba.

Labda ni kwa sababu ya upendeleo wa zamani unaoniudhi. Kahawa, iliyopandwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa mali ya wanaume, na ikapata chama cha ushirika, KNCU, mwaka 1933, pamoja na mizani, vitabu na ofisi. Ndizi zilikuwa za wanawake. Zilikwenda sokoni kichwani. Ujuzi wa kahawa ukafundishwa, ule wa migomba ukaachwa upite kutoka kwa mama mkwe kwenda kwa mkaza mwana. Mwaka 2011 FAO iliitambua Shimbwe Juu, hukohuko mlimani, kwa mfumo wake wa vihamba, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Nilifurahi. Lakini urithi huo unasimama juu ya uamuzi wa watu wanaoinama na panga kila Februari, wakichagua nani abaki.

Machipukizi mazuri yaliyozidi hayatupwi. Yanang'olewa na kipande cha tunguu, yanamenywa mizizi na ngozi yote mpaka yabaki meupe, maana penye doa la kahawia au tundu ndipo fukusi wanaposafiria. Mvua mbili tatu zikishanyesha, majirani huanza kubisha hodi wakiomba mbegu ya mchare au ya ndizi ng'ombe kwa ajili ya pombe ya mbege. Mama mdogo hamnyimi mtu. Anawakaribisha, anawapa chai, kisha anauliza shimo lilichimbwa lini na kama limeshatiwa samadi. Anayejibu kwamba atachimba leo jioni hunywa chai yake na kurudi mikono mitupu, hadi wiki mbili zijazo.